Filamu ya Freddie Mercury: sauti, meno na tarehe zilizohamishwa. Tupeane uzoefu

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa wanaojua filamu za maisha ya wanamuziki hutengenezwaje. Tuanze na Bohemian Rhapsody ya 2018, kwa sababu anayesimuliwa ni mzaliwa wa Unguja: Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946, akafariki London tarehe 24 Novemba 1991 dunia nzima ikimwita Freddie Mercury, mwimbaji wa bendi ya Queen. Filamu ilichukua Oscar 4: mbili za sauti, moja ya uhariri, moja ya mwigizaji Rami Malek aliyemwigiza Freddie. Swali langu: mtu asiye na sauti ile anambebaje mwenye sauti ile mpaka watazamaji wakubali? Na kazi kama hii huharibikia wapi? Tupeni hatua, vipimo na sababu.

FundiMitambo
Sauti ya kuimba mnayoisikia imeshonwa kutoka vyanzo vitatu. Kwanza ni kanda za Queen zenyewe, ambako sauti ya Freddie imerekodiwa kwenye treki yake peke yake, mbali na ala. Pili ni Marc Martel, mwimbaji wa Kanada ambaye koo lake linakaribiana mno na la Freddie. Tatu ni Malek mwenyewe, kwa vipande vidogo. Vyanzo vingine vilihitajika kwa sababu kanda za zamani zina nyimbo zilizokamilika, ila hazina Freddie akitafuta noti nyumbani au akikatisha mstari katikati ili aongee.

Sasa siku ya kupiga picha. Mwigizaji aimbe kwa sauti yake yote hata kama haitatumika hata sekunde moja. Akichezesha midomo tu, shingo inamsaliti: mishipa haisimami, kifua hakipandi kabla ya mstari mrefu, na mtazamaji anahisi uongo bila kujua umetokea wapi. Nasisitiza sana hili maana hakuna uhariri utakaoliponya.

Faili la wimbo liwe 48 kHz (sampuli 48,000 za sauti kwa sekunde) sawa na kinasa sauti. Faili la 44.1 likisomwa kama la 48 linakimbia kwa karibu asilimia 9 na sauti inapanda takriban nusutoni moja na nusu. Angalieni na kamera. Mkipiga fremu 24 kwa sekunde kisha mkaonyesha kwa 25, wimbo wenye urefu wa dakika 5 na sekunde 55 unapungua kama sekunde 14. Midomo inaanza sawa, lakini ikifika ubeti wa pili imeshaachana na sauti. Taimkodi moja (saa ya pamoja ya kulinganisha picha na sauti) iende kwa kamera zote, na klapa (kibao cha kugonga mbele ya kamera) ipigwe kila teki, yaani kila mara mnaporudia kupiga picha, hata kama mnaamini mitambo.

Mleta mada
Shukrani mkuu. Na umati? Ile tamasha ya mwisho watu wanapiga makofi kwa pamoja.

FundiMitambo
Hapo kuna mtego. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo kwa fremu 24, kila mita 14 kutoka kwenye spika mtu anachelewa fremu 1. Aliyesimama mita 70 nyuma anapiga makofi fremu 5 baada ya wa mbele. Kwenye uwanja halisi ndivyo ilivyo, makofi yanatembea kama wimbi, na ukiyanyoosha yote yawe pamoja picha inakuwa bandia. Wapangeni watu kwa safu kutoka kwenye spika, kisha acheni ucheleweshaji uonekane.

Mkihitaji umati ucheze huku wahusika wanaongea, zimeni wimbo mwachie mdundo mzito tu wa 30 hadi 40 Hz (mitetemo kwa sekunde). Watu wanausikia kifuani, na kwenye kuchanganya sauti mnaukata wote chini ya 80 Hz bila kugusa mazungumzo.

Tamasha hiyo ya mwisho ni Live Aid, ya hisani, iliyofanyika uwanja wa Wembley, London, tarehe 13 Julai 1985. Jukwaa lake lilijengwa upya kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa Bovingdon, Hertfordshire, kwa kuwa Wembley ya zamani ilishabomolewa. Na ndilo walianza nalo kupiga picha. Kwa mwigizaji huo ni mzigo mkubwa: kuanza na kilele cha mtu kabla hujaigiza ujana wake.

KinandaNaGita
Niongezee mikono. Kwenye mwanzo wa wimbo uliobeba jina la filamu, mkono wa kushoto unavuka juu ya wa kulia kwenda kugusa noti za juu. Mpiga kinanda yeyote ataangalia hapo kwanza. Mfundisheni mwigizaji baa (vipande vya mapigo ya wimbo) zile tu zitakazoonekana: baa 4, nusu ya mwendo, mabega na vifundo vya mikono kwanza, vidole baadaye. Kidole kikikosea noti karibu hakionekani. Bega likikosea linaonekana hadi safu ya mwisho ya sinema.

Kinanda cha seti kizibwe: kitambaa cha felti kati ya nyundo na nyaya, ili vibonye vizame bila kelele. Ngoma zifunikwe ngozi za wavu na matoazi yawe ya plastiki, la sivyo kila maiki ya mazungumzo itabeba kishindo.

MtengenezaSura
Meno. Freddie alikuwa na meno 4 ya ziada nyuma kwenye taya la juu yaliyosukuma ya mbele nje, akakataa kuyang'oa akihofia sauti yake. Malek alitengenezewa ya bandia na kufanya nayo mazoezi mapema. Kinachoharibika ni herufi S, F na V, kwa sababu mdomo wa chini unakutana na ukingo mpya. Mate nayo yanaongezeka. Mwigizaji asome kwa sauti kila siku kwa wiki kadhaa, na seti ya pili iwepo kila siku ya kazi, maana ya kwanza ikipasuka hakuna picha. Msisahau tabia inayofuatana na meno: Freddie alikuwa akiyafunika kwa mdomo wa juu. Meno bila tabia ile ni kinyago tu.

Mshangani
Mmeeleza vizuri ya mitambo, lakini kwangu jeraha kubwa liko kwenye tarehe. Filamu inamfanya Freddie awaambie wenzake kuhusu ugonjwa wake wa UKIMWI kabla ya Live Aid. Kwa maelezo ya Jim Hutton, mwenza wake, vipimo vilitoka 1987. Filamu inaonyesha bendi imesambaratika kwa sababu ya mkataba wa Freddie wa kurekodi peke yake, ilhali Queen walikuwa ziarani hadi Mei 1985, na Roger Taylor, mpiga ngoma wao, alishatoa albamu yake binafsi 1981. Waandishi walitaka kidonda kabla ya tamasha ya mwisho, wakakivuta kutoka miaka ya mbele. Wimbo ukihamishwa mwaka, sawa. Ugonjwa wa mtu haukupaswa kuhamishwa.

Wanaoandika, chorani safu mbili kabla ya mswada: tarehe ya kweli, tarehe ya filamu. Pembeni andikeni nani anaumizwa na badiliko hilo.

Na Unguja haionekani hata kidogo. Baba yake, Bomi, alikuwa mshika fedha wa Mahakama Kuu. Mtoto akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, akiwa na miaka 8, akarudi 1963, na 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Feltham, Uingereza. Mtoto wa miaka 8 anayeachwa bwenini ng'ambo ya bahari angetueleza upweke wa yule mtu mzima kuliko sherehe zote zile za Munich zinazoonyeshwa kwenye filamu.

MkatajiPicha
Kuhusu uhariri: mwongozaji Bryan Singer aliondolewa Desemba 2017, Dexter Fletcher akamalizia. Tazameni bendi inapokutana na meneja John Reid kwenye meza ya nje. Picha inakatwa kabla mtu hajamaliza sentensi. Vipande vya siku tofauti vikilazimishwa kukaa pamoja, mkataji hukimbilia kukata haraka kuficha viungo.

Kinga yake ni daftari la mwendelezo: jua liko upande gani, nywele, mikono ya shati, vinywaji. Kwenye Live Aid yenyewe juu ya kinanda cha Freddie kulikuwa na vikombe vya Pepsi na bia, na filamu ikavirudisha. Kwenye kazi yenu, chora mstari wa kalamu nyuma ya kila kikombe, upande usioelekea kamera. Teki ikiisha, mtu mmoja apite ajaze hadi kwenye mstari, azungushe nembo irudi ilipokuwa, apige picha ya simu kutoka pembe ya kamera, ndipo aseme tayari.