PHP kuita huduma ya WCF: kosa 415, nikibadili SOAP linakuja lingine

MtaaWaKongo: Wakuu, naombeni msaada. Mfumo wa duka la jumla hapa Kariakoo (PHP, seva ya Linux) unatakiwa kutuma oda kwenye huduma ya msambazaji iliyoandikwa kwa C#, WCF (mfumo wa Microsoft wa huduma za mtandao). SoapClient (kifaa cha PHP cha kutuma ujumbe wa SOAP, yaani XML) inasoma WSDL (faili inayoeleza huduma) bila shida, lakini kuita tu napata 415 (aina ya ujumbe haikubaliki). Nikiweka toleo la `SOAP_1_2`, 415 inaondoka, huduma inalalamika kuwa Action (jina la kazi inayoombwa) ni tupu. Nitengeneze upande gani?

FundiSeva: Mkuu, upande wao. Hiyo ni `wsHttpBinding`, moja ya binding (mipangilio ya mawasiliano) za WCF. Inadai SOAP 1.2, yaani `application/soap+xml`, wakati SoapClient ya PHP kwa kawaida hutuma 1.1 kwa `text/xml`. Ndiyo 415 yako. Ukipanda 1.2 unakutana na WS-Addressing (heda za anwani na Action ndani ya ujumbe), ambayo SoapClient haina. Na hata ukiziandika hizo heda kwa mkono, binding hiyo isipoguswa hutaka ulinzi wa ujumbe kwa akaunti ya Windows. Usipoteze muda huko.

Waombe waongeze endpoint (mlango wa huduma) ya pili ya `basicHttpBinding` yenye anwani yake, mfano `/basic`. Ya zamani ibaki, wateja wao wa .NET wasisumbuke. Kama ni HTTPS waweke `security mode="Transport"`. Kwako rudisha `SOAP_1_1`, kisha taja `location` ya `/basic` waziwazi, maana WSDL sasa ina anwani mbili. Futa na faili za `wsdl-` kwenye `/tmp`: PHP huitunza WSDL sekunde 86400, siku nzima unaweza kuhangaika na ya zamani.

MtaaWaKongo: Asante mkuu, wameongeza na inaitika. Ila oda inaingia namba tupu, kiasi 0. Naita `$c->SajiliOda('K-118', 250000)`.

DadaWaUpanga: Kaka, WCF inataka vigezo vifungwe pamoja kwa majina:

`$c->SajiliOda(['namba'=>'K-118','kiasi'=>250000]);`

Majina yafuate WSDL herufi kwa herufi; `Kiasi` na `kiasi` ni majina mawili tofauti. Hupati kosa kwa sababu WCF huandika `minOccurs="0"`, kwa hiyo kisichoonekana huhesabiwa hakikutumwa. Jibu lisome kwenye `SajiliOdaResult`. Washa `'trace'=>1` uangalie `__getLastRequest()`; XML iliyotoka ndiyo ushahidi, vingine ni kukisia.

FundiSeva: Nyongeza kwa atakayeandika XML kwa mkono: ndani ya data contract (muundo wa data uliotangazwa na huduma), WCF husubiri elementi kwa mpangilio wa alfabeti, isipokuwa wameweka `Order`. Ukikosea mpangilio, sehemu nyingine zinapotea kimyakimya.

MtaaWaKongo: Imekubali, shukrani dada! Limebaki moja: oda ya saa tatu asubuhi kwao inasomeka 06:00.

DadaWaUpanga: PHP yako iko UTC (saa tatu nyuma ya Dar) na tarehe inatoka bila ukanda wa saa. Weka `date_default_timezone_set('Africa/Dar_es_Salaam')`, tuma kwa `date('c')` ili iishie na `+03:00`. Oda zilizokwisha kuingia waombe wazisogeze saa tatu mbele kabla hawajafunga hesabu za leo.