Tupeane uzoefu: tangu mvua zibadilike, magugu mnayawezaje?

Jembe la Alfajiri (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za majukumu. Naomba tupeane uzoefu wa palizi, maana mimi ratiba yangu ya zamani haifanyi kazi tena.

Nalima mahindi na kunde. Zamani mvua ikianza napanda, wiki ya tatu palizi ya kwanza, wiki ya sita ya pili, imekwisha. Misimu miwili nyuma mvua ilinyesha siku nne, nikapanda, kisha likapiga jua wiki tatu. Mahindi yakadumaa, magugu yakaendelea kuota. Mvua iliporudi haikukata, shamba likawa tope lisilokanyagika. Nilipopata upenyo wa kuingia na jembe, mahindi yalikuwa na wiki saba na yamemezwa. Nililisafisha lote, mgongo ukaniuma mwezi mzima, mavuno hayakurudi. Nilijifunza kwa kuchelewa kwamba mahindi yanataka eneo safi kati ya wiki ya pili na ya sita tangu yaote. Ukipalilia baada ya hapo shamba litapendeza, lakini punje zilishapungua.

Karibuni. Semeni na yaliyowashinda.

Shina Moja
Pole sana mkuu. Mimi wangu ni ndago. Nilikodi trekta likapiga haro (kile chombo cha kuvunja mabonge ya udongo) mara mbili, nikaona nimemaliza kazi. Kumbe vile vinundu vya chini vimeungana kama shanga. Haro ilizikata shanga na kuzisambaza, na kila kinundu kikatoa mche wake. Nilitandika nailoni, ndago ikaitoboa.

Nilichofanikiwa nacho ni vitu viwili. Kiangazi, ardhi ikiwa kavu kabisa, nainua vinundu juu na kuviacha vikaukie juani. Siku hizi kiangazi ni kirefu, basi nakitumia hivyo. Pili ni kivuli: ndago haipendi kivuli. Nilipanda fiwi kwa kubana, zikafunika ardhi msimu mzima. Haijaisha, ila sasa naimudu kwa mkono.

Bomba Begani
Nawapa kosa langu la dawa. Nilipulizia kiuagugu katikati ya ukame, magugu yamesinyaa. Hayakufa. Nikaongeza kipimo, bado. Gugu lenye kiu hufunga vinyweleo na ngozi ya jani huwa ngumu, dawa haipenyi wala haisafiri hadi mizizini. Ile ya kuzuia uotaji nayo inataka unyevu ili iingie kwenye udongo. Jua likipiga inabaki juu tu. Siku hizi nasubiri magugu yapate mvua na kuchangamka, ndipo napulizia asubuhi, tena kama mawingu hayatishii kuosha dawa mchana.

Na msikariri dawa moja kila mwaka. Huko Australia magugu yaliyozoea glaifoseti, kiuagugu kinachotumika sana, yaliripotiwa tangu 1996. Ukipulizia aina ileile kila msimu unabakiza yale sugu, na hayo ndiyo yanayozaa.

Mama Kunde
Kwangu ni kiduha, na naomba mnivumilie, nitaandika kirefu.

Wenye kiduha wanajua uchungu wake. Maua yake ya zambarau yanapendeza, na mgeni akipita atasifu. Lakini ukiyaona hayo maua ujue wizi ulishafanyika chini ya ardhi: kimejishika kwenye mizizi ya mahindi na kunyonya maji na chakula kabla hakijachomoza. Mahindi yanasinyaa hata udongo ukiwa na maji. Mwaka wa kwanza nilidhani ni ukame, nikamwagilia. Mche mmoja wa kiduha humwaga makumi ya maelfu ya mbegu, ndogo kama vumbi, na zinaweza kulala ardhini miaka 10 na zaidi zikisubiri harufu ya mzizi. Udongo uliochoka unazidisha, kwa sababu mmea wenye njaa hutoa harufu hiyo kwa wingi.

Mtaalamu mmoja akanielekeza sukuma-vuta, njia ambayo watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichopo Nairobi, waliianza miaka ya 1990. Unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya mikunde unaotambaa, katikati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kiduha, kisha zinazizuia zisishike mzizi wa mahindi, zinakufa. Msimu wa kwanza nilikaribia kukata tamaa. Desmodiamu huanza polepole na niliipalilia kama mtoto mchanga. Msimu wa tatu kiduha kilikuwa cha kuhesabu. Kwenye ukame chukueni ile ya majani ya kijani, inavumilia kuliko ya majani ya fedha. Na kiduha kinachochomoza king'oeni kabla ya ua, msingoje palizi.

Samadi Mbivu
Fupi tu: nilimwaga samadi mbichi na magugu nisiyowahi kuyaona yakaota shamba zima. Mbegu nyingi hupita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Sasa naivundika, naigeuza mpaka ipate joto la kuunguza mkono ndani ya lundo, ndipo naipeleka shambani.

Palizi Mapema
Mimi huacha mvua ya kwanza ioteshe magugu, nayakwangua juu juu, ndipo napanda. Usichimbe kina, utaleta mbegu nyingine juu.

Jembe la Alfajiri
Palizi Mapema, hapo ndipo ninapokwama. Mvua ya kwanza ikiwa ya siku nne tu, nikisubiri magugu yaote unyevu si utakuwa umekwenda?

Palizi Mapema
Ni kweli, mwaka mmoja ulinipata hivyo. Sasa nagawa: nusu ya shamba napanda mara moja na kutandaza mabua ya msimu uliopita, unene wa kiganja, nusu nyingine nakwangua kwanza. Sehemu yenye matandazo unyevu hukaa, na magugu machache yanayotokeza hung'oka kirahisi. Angalizo, mchwa wanapenda mabua, kagua kila wiki.

Jembe la Alfajiri
Asanteni sana. Msimu huu nagawa shamba hivyohivyo, na mabua siyachomi tena. Mama Kunde, desmodiamu uliipanda kwa mbegu au kwa vipande vya shina?