Kibarua kiliota nyasi, ndinga ikafuata: tupeane uzoefu

Boksa Kanda ya Ziwa
Wakuu, heshima kwenu. Uzi huu wa kupoteza kazi na kuuza gari uipendayo nimeuandika nikaufuta mara tatu, leo naurusha kama ulivyo.

Mwisho wa Januari 2025 nilikuwa ofisini Mwanza, mradi wa Ukimwi, upande wa takwimu. Saa kumi na moja jioni ikaingia barua pepe: kazi zote zinazolipiwa na fedha za Marekani zisimame mara moja. Tukadhani ni mambo ya wiki moja, kuna mwenzetu akaagiza soda kabisa za kusherehekea likizo. Mwisho wa Februari barua za kuachishwa zikatoka. Nilikuwa na miaka 6 pale. Kiinua mgongo kwa sheria yetu ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka, yaani siku 42. Juu yake kuna fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Weka kodi ya nyumba, ada za watoto wawili, na mama yuko Sengerema anatumia dawa za presha.

Na pale nje imelala Subaru Impreza WRX STI ya 2004, bluu, rimu za dhahabu, gia 6 za mkono. Niliiagiza Japani 2019. Wanaojua wanajua: injini ni cc 1994, kwa hiyo kwenye ushuru wa ukubwa wa injini unapona, uko chini ya 2000. Lakini gari ikishavuka miaka 10 kuna ule wa uchakavu, asilimia 30, na huo ndio ulionimaliza. Mpaka inafika Mwanza ilikuwa imenila milioni 41. Mke wangu aliuliza, "Tumeacha kiwanja cha Usagara kwa ajili ya kitu cha kupiga kelele?" Nikamweleza kwamba hii ya soko la Japani ina tabo (turbo) ya njia mbili na mabomba ya ekzosi ya urefu sawa, ule mngurumo anaousikia mjini ni wa matoleo mengine. Sijui kwa nini hakuridhika.

Nilichokosea ni kuchelewa. Machi nzima niliuza vitu vya ndani ili nisiuze gari. Ilianza jenereta, ikafuata kompyuta, kisha televisheni. Huku naitia mafuta ya 10,000 niizungushe mpaka Igoma na kurudi ili betri isife, na mtoto karudishwa nyumbani kwa ada. Nikisoma haya sasa naona aibu, ila wakati ule akili iliniambia kwamba gari ikibaki, basi kazi haijaisha kweli.

Aprili nikampa dalali. Akapiga picha safi, akaweka mtandaoni, na juu kwa herufi kubwa akaandika: MWENYE MALI ANA SHIDA, MAONGEZI YAPO. Nilikuwa nimemwambia milioni 32. Simu ya kwanza ikasema 15. Wakaja vijana "kuijaribu", wakirudi matairi yananuka. Mmoja akaniambia usoni, "Mkuu, mwenye njaa hapangi bei."

Nikaitoa kwa dalali nikaandika tangazo mwenyewe. Nikaweka mwaka, kilomita, risiti za sevisi, lini nilibadilisha taimingi belti na pampu ya maji. Nikaandika na kinachovuja, maana kulikuwa na oili kidogo kwenye kava ya valvu. Sababu ya kuuza sikuigusa. Wiki ya tatu akaja mzee mmoja kutoka Geita na fundi wake. Fundi kapima kompresheni silinda zote nne, ile ya nne kairudia mara mbili kwa sababu ndiyo inayosumbua kwenye injini hizi. Zikalingana. Mzee hakubishana sana, tukamalizana 27. Tunahesabu akaniuliza, "Unalia, kijana?" Nikasema ni vumbi. Tulikuwa ndani ya benki.

Kilichoniuma baadaye ni kingine kabisa. Nilijiahidi daraja la Kigongo–Busisi likifunguliwa nitalivuka na ile gari usiku, vioo chini. Miaka yote tumepanga foleni ya kivuko pale. Likafunguliwa Juni 2025, mwezi mmoja baada ya kuuza. Nimelivuka kwa Hiace, siti ya nyuma, mfuko wa dagaa wa mtu uko magotini kwangu. Kilomita 3 hivi, dakika chache yameisha.

Karibuni. Sitaki za "bora uhai", nataka kujua wenzangu mlifanyaje.

Kiazi Mviringo
Gari ya mbio kwenye matuta ya nchi hii. Mlijitafutia. Toyota IST ingekutosha.

Boksa Kanda ya Ziwa
IST ningeiuza kwa siku mbili, mkuu, na nisingekuwa na cha kuandika hapa.

Mwana Nakuru
Pole sana ndugu. Siku saba kwa mwaka? Huku Kenya sheria ya ajira ya 2007 inasema zisipungue 15, na bado hazikunifikisha mbali. Mimi nilikuwa kampuni moja ya programu za simu Nairobi. 2023 wakatupunguza nusu ya ofisi kwa mkutano wa video ambao haukufika hata robo saa.

Nilikuwa na Mitsubishi Evo VIII. Kosa langu ni kubwa kuliko lako, maana mimi sikuuza, niliweka rehani logbook, yaani kadi ya umiliki wa gari. Riba ni ya kila mwezi, na wakanifungia kifaa cha kufuatilia gari iko wapi. Miezi minne nalipa riba tu, deni lenyewe limekaa pale pale linanitazama. Ndipo nikatafuta mnunuzi. Akawalipa wakopeshaji kwanza, mimi nikaondoka na elfu 180 za Kenya. Ningeuza mwezi ule wa kwanza ningeondoka na zaidi ya mara tano ya hiyo. Kama kuna mtu anasoma hii na ana fomu ya mkopo wa logbook mezani, aichane.

Na kuna jambo nyinyi Watanzania hamlijui utamu wake. Mkijuta mnaweza kuagiza nyingine, mkalia na huo uchakavu wenu lakini ikaja. Huku gari ikipita miaka 8 haiingii nchini. Evo zilizopo Kenya ndizo hizo hizo, zinazunguka mkono kwa mkono. Faida yake ni kwamba bei haikuanguka sana. Hasara ni kwamba naiona. Imepakwa rangi ya kijani. Kijani, jameni!

Juni 2023 nilienda nayo Naivasha kuangalia Safari Rally, bado niko na kazi. Pasaka ya 2024 Safari ilipokuja tena nikaenda na matatu, nimebeba kiti cha kukunja. Vumbi nililokula ni lile lile.

Altezza ya Mji Kasoro Bahari
Yangu ni ya Morogoro. Nilikuwa naongoza watalii Mikumi, 2020 wageni wakakatika kama maji ya bomba. Gari yangu, Toyota Altezza RS200, nikamuuzia rafiki ya rafiki. Tukaandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wawili, pesa taslimu, tukapeana mikono. TRA, mamlaka ya mapato, hatukwenda kubadilisha jina la mmiliki. Akasema atalibadilisha mwenyewe akipata nafasi, na mimi nilikuwa na haraka ya hela, nikampa kila kitu.

Miezi minane baadaye nikaangalia ile namba ya gari mtandaoni, kwa udadisi tu wa mtu aliyeachwa. Faini 11 za trafiki, kila moja 30,000. Nilicheka, nikasema zake. Kabla sijamaliza kucheka ikaja simu ya polisi kutoka Chalinze: gari yako imemgonga wa bodaboda. Yako! Mpaka nimeeleweka nimepanda basi mara tatu na kile kikaratasi cha mwenyekiti nimekikunja kwenye plastiki kama cheti cha ndoa. Mwenye bodaboda alivunjika mguu, alipona, Mungu mkubwa.

Kwa hiyo mimi nikiuza tena hata toroli, ufunguo wa pili nabaki nao mpaka jina libadilike. Mnunuzi akinuna, anune.

Dalali Mstaarabu
Najua mtanitukana, nakuja hivyo hivyo.

"Mwenye mali ana shida" tunaiandika kwa sababu inaita simu. Kwenye Crown au Harrier inafanya kazi, maana wanunuzi ni wengi na wanagombania, bei inajirudisha yenyewe. Kwa gari kama ya huyu mkuu ni sumu, nakubali. Kanda ya Ziwa yote wanunuzi wa kweli wa STI ni watu sita, na wanafahamiana. Wakiona neno shida, wote sita wanakaa kimya wanasubiri ushuke. Wanaokupigia ni wale wa kuunguza matairi.

Jingine, kabla hujapiga picha rudisha gari ilivyotoka kiwandani. Geji za ziada, siti za mbio, tabo kubwa, vyote vitoe uviuze peke yake. Mnajua mlivyoviweka kwa mapenzi, ila mnunuzi akiviona anawaza ilipigwa kiasi gani. Nimeshauza Impreza mbili zinazofanana, ile iliyopambwa ikaenda kwa bei ya chini na mapambo yake juu.

Na wewe Boksa, kuna kitu hukukisema. Hizo rimu za dhahabu uliuza nazo? Za 2004 ni tundu tano za bolti kwenye duara la milimita 100, mwaka uliofuata wakahamia 114.3. Mwenye gari ya zamani anazitafuta za kiwandani hazioni.

Mie wa Malindi
Yakhe, mie wa Unguja, nikikaa Muskat, Oman, miaka tisa. Kule kazi ikikatika na ukaazi umekatika, maana viza ni ya tajiri wako. 2020 tukaitwa mmoja mmoja. Nikaanza kuhesabu siku.

Nilikuwa na Mustang, V8, nyeusi. Kule si ajabu, kila kijana anayo, na hiyo ndiyo balaa yenyewe: mwezi ule ule walioachishwa walikuwa wengi na kila mtu anauza. Bei ikawa kama ya samaki jioni. Kuileta nyumbani haiwezekani. Usukani wa kushoto, halafu niipitishe wapi, Mchangani? Mkopo wa benki nao haujesha, na bila ya barua ya benki gari haihamishwi jina. Siku kumi na mbili kabla ya ndege nikampata Mbaluchi mmoja, akaja benki na mie, akamaliza deni mbele yangu. Kilichobaki kilinitosha tiketi na mizigo. Akanipa na pakacha la halua, akanambia, "Ya safari."

Halua tuliimaliza siku mbili. Ile gari sijaipiga hata picha moja nzuri, zote nimo mie mbele yake nimeikinga.

Mama Wawili
Mimi siendeshi hata baiskeli, naandika kama mke. Mume wangu aliuza gari yake, Toyota Celica, akaja nyumbani kwa bodaboda, akasema gari iko kwa fundi. Wiki tatu iko kwa fundi. Mimi nilijua siku ile ile, maana alishuka na ule mto mdogo wa shingo aliokuwa anauweka kwenye siti. Nikamuacha. Kila jioni namuuliza, "Fundi anasemaje?" ananiambia spea hazijafika.

Wiki ya nne akaniambia ukweli mwenyewe, tunakula. Nikamwambia najua, pitisha mchicha.

Kiazi Mviringo
Dada, hapo umeniua. Nafuta ya IST.

Mwana Nakuru
Mto wa shingo 😂 Mimi nilibaki na kitasa cha gia. Kiko juu ya meza ya kompyuta, mtoto anakitumia kuvunjia karanga.

Boksa Kanda ya Ziwa
Asanteni wote, nimesoma kila kitu usiku. Altezza, umenifanya nikaangalie ile namba leo asubuhi. Mzee wa Geita alishabadilisha jina, na faini ni moja tu, mwendokasi. Niliifurahia ile faini kuliko inavyotakiwa.

Kazi nimepata ya muda, nachambua takwimu za mazao kwa mkataba wa miezi sita, mshahara kama nusu ya ule. Ada imelipwa. Televisheni imerudi, ndogo.

Dalali, umeuliza rimu. Mzee alitaka nyeusi za inchi 18, alikuja nazo nyuma ya Hilux, fundi wake akazifunga pale pale uani kwangu. Za dhahabu akaniachia. Ziko chini ya kitanda, zimefungwa shuka.

Dalali Mstaarabu
Zote nne?

Boksa Kanda ya Ziwa
Zote nne, hazina mkwaruzo.

Dalali Mstaarabu
Nina mteja Arusha. Milioni moja na laki nane, anatuma leo.

Boksa Kanda ya Ziwa
Mbili na nusu. Na usimwambie kwamba nina shida.