Kundi la mafundi sola Telegram: kanuni ziwe ngapi na zisimamiwe vipi?

Nguzo_DC ameuliza:

Heshima kwenu wakuu.

Kundi letu la mafundi sola linahama WhatsApp kwenda Telegram. WhatsApp ukomo ni watu 1,024 na tumeshaugusa. Ndani mna mafundi wenye leseni, vijana waliotoka VETA (vyuo vya ufundi stadi), wauza vifaa, na wateja wa kawaida walioingizwa na mafundi wao.

Yanayotusumbua ni haya. Swali linakuja "inverta yangu inalia, msaada" bila modeli wala picha, kisha watu kumi wanabahatisha. Swali la betri ngapi kwa friji linarudi kila wiki. Wauza paneli wanabandika bei asubuhi na jioni. La mwisho ndilo linalonitisha: mtu anatoa ushauri wa hatari kwa kujiamini, na aliyeuliza anaenda kuunga vile vile.

Rasimu ya kanuni tuliyonayo ina vipengele 23: usitukane, usilete siasa, usilete dini, na kadhalika. Sioni nani ataisoma. Zibaki ngapi, na zipi? Nani aamue ujumbe ufutwe? Tusaidiane.

---

BintiVolti amejibu:

Mkuu, zibaki 5 au 6. Kanuni yoyote ambayo admini hajui atafanya nini ikivunjwa, iondoe. "Tuheshimiane" ukiiacha peke yake, kila admini ataitafsiri kwa hasira zake za siku hiyo. Andika kitendo na matokeo yake: "Ukimtusi mtu badala ya kujadili kazi yake, ujumbe unafutwa na unanyamazishwa saa 24." Hapo hata aliyeadhibiwa anajua kilichompata.

Halafu mnatumia nguvu nyingi kwenye matusi, ilhali hatari yenu iko kwenye ushauri. Tusi halichomi nyumba. Kanuni ya kwanza iwe ya usalama, na itaje mambo yenyewe:

Hakuna kuelekeza mtu achomoe soketi za MC4 (viunganishi vya nyaya za paneli) wakati mzigo unavuta. Umeme wa AC (mkondo geu, kama wa gridi) wa 50 Hz hupita sifuri mara 100 kwa sekunde na cheche hupata nafasi ya kufa. DC (mkondo mnyoofu, wa paneli na betri) haipiti sifuri, cheche inaendelea kuwaka. Kwa sababu hiyo hiyo, hakuna kupendekeza sakiti breka ya AC upande wa paneli.

Hakuna kushauri idadi ya paneli kwa mfuatano kabla ya kuona Voc (volti ya paneli isipokuwa na mzigo) kwenye lebo ya paneli na ukomo wa volti za PV (za paneli) kwenye lebo ya inverta. Mfano: paneli nyingi za 550 W zina Voc karibu 49.5 V. Tatu kwa mfuatano ni 148.5 V. Inverta ndogo nyingi za 24 V zina ukomo wa 145 V, kwa hiyo hapo umeshaiua hata kabla ya baridi. Baridi inazidisha: Voc hupanda takriban 0.3% kwa kila nyuzi moja chini ya 25 °C. Alfajiri ya 5 °C kule Makete, paneli mbili zenye jumla ya 99 V zinasogea kwenye 105 V. Hizo bado ziko salama, ila wa paneli tatu haponi.

Hakuna kumwambia mwenye betri ya lithiamu atumie mipangilio ya betri za maji (za risasi na asidi). Betri ya lithiamu ya aina ya LiFePO4 yenye seli 16 mwisho wake ni 3.65 V kwa seli, yaani 58.4 V, na wengi huishia chini ya hapo kwa makusudi. Ile chaji ya kusawazisha ya betri za maji inaweza kuvuka 60 V. BMS (saketi ya ulinzi ndani ya betri) itakata, inverta itapiga kelele, na swali litarudi kundini kama "betri mbovu".

Ushauri wa namna hiyo ukitokea, msiufute kimya kimya. Aliyeuliza anaweza kuwa ameshausoma na yuko juu ya paa. Jibu kwanza chini yake ukianza na neno HATARI, eleza kwa nini, mtaje aliyeuliza ili apate taarifa kwenye simu, ndipo ufute ule wa asili.

Kuhusu swali lisilo na maelezo: usimwadhibu muulizaji, mpe fomu. Ibandike juu, na admini yeyote airushe kama jibu:

*Modeli ya inverta (picha ya lebo, siyo ya boksi):*
*Betri: aina, volti, Ah (ujazo), ngapi, zimeungwaje:*
*Paneli: W, Voc, Isc (mkondo wa shoti), ngapi kwa mfuatano, ngapi kwa sambamba:*
*Namba ya hitilafu kwenye skrini:*
*Volti ya betri kwa mita, mzigo ukiwa umewaka na ukiwa umezimwa:*
*Nini kilibadilika kabla ya tatizo:*

Mstari wa volti mbili msiuondoe hata watu wakilalamika. Betri ya 24 V ikionyesha 25 V bila mzigo kisha ikaporomoka hadi 21 V friji inapoanza, nusu ya mjadala imekwisha: ama betri imechoka, ama waya ni mwembamba au kuna terminali iliyolegea. Na mtu asitafsiri namba ya hitilafu kabla ya kujua modeli. Namba ile ile kwa mtengenezaji mmoja inamaanisha volti kubwa, kwa mwingine feni.

---

Waya6mm amejibu:

BintiVolti kamaliza ya kanuni. Mimi naongezea mipangilio ya Telegram yenyewe, maana nusu ya kanuni zenu 23 zinaweza kufanywa na vitufe.

1. Washeni mada ndani ya kundi: Hitilafu, Usanifu wa mfumo, Soko, Matangazo ya admini. Zisizidi 5. Zikiwa 12 watu watatupa kila kitu kwenye ile ya jumla.

2. Historia ya kundi iwe wazi kwa wanaojiunga. Ikifungwa, mgeni haoni majibu ya nyuma na swali la friji litarudi milele.

3. Hali ya mwendo wa polepole (muda wa kusubiri kabla ya kutuma ujumbe mwingine): kuna sekunde 10, 30, dakika 1, 5, 15 na saa 1. Siku za kawaida iacheni imezimwa. Ugomvi ukianza weka dakika 5, kisha uiondoe ukipoa. Ukiiacha dakika 15 muda wote, anayesaidiwa hatua kwa hatua akiwa na mita mkononi atakata tamaa. Kumbukeni haiwabani maadmini, kwa hiyo admini anayegombana chini yake ataonekana anatumia ubavu.

4. Kuzuia onyesho la kiungo hakuzuii kiungo chenyewe. Wengi huzima hicho kitufe wakidhani wamemaliza matangazo. Viungo vya watu wapya vizuiwe na roboti ya usimamizi kwa saa 48 za mwanzo. Roboti msiipe haki ya kuongeza maadmini. Ifute na inyamazishe tu, basi.

5. Orodha ya vitendo vya karibuni, inayoonyesha nani kafuta nini, inakaa saa 48 tu. Mnaotaka kumbukumbu fungueni kundi dogo la maadmini: kila ukifuta kwa adhabu, sambaza ujumbe ule kule kwanza, andika namba ya kanuni na hatua uliyochukua. Mtu akilalamika wiki ijayo mtakuwa na cha kushika.

Maadmini wawe angalau watatu, wa saa tofauti, na mmoja awe macho usiku. Matangazo ya sarafu za mtandaoni hupenda kuingia saa nane za usiku.

---

PV_Nakuru amejibu:

Niko upande wa Kenya. Kuna jambo moja sikubaliani na walionitangulia, jingine nawaonya mapema, na mengine ya kuongezea.

La kwanza, roboti kuzuia viungo vya wageni. Kundi la ufundi linaishi kwa viungo vya karatasi za vipimo za watengenezaji. Fundi mgeni akileta PDF ya inverta halafu roboti imeze, hatarudi. Afadhali viungo vya wageni vishikwe hadi admini aidhinishe, na mafaili ya PDF yaruhusiwe moja kwa moja kwenye mada ya Hitilafu.

La pili hamjalitaja lakini najua linakuja: jumbe za sauti. Telegram inakuruhusu kuzizuia peke yake bila kugusa picha, na kuna watu watawashauri mzizuie kwa sababu hazitafutiki. Msifanye hivyo. Baadhi ya mafundi wenye mikono mizuri kabisa hawapendi kuandika. Ukifunga sauti, unabaki na waandishi hodari wanaojibu kila kitu. Weka kikomo cha sekunde 60, na anayesaidiwa ndiye awajibike kuandika muhtasari wa mistari miwili tatizo likitatuliwa, pamoja na alama #imetatuliwa. Alama hiyo ndiyo itawajengea hazina ya kutafuta.

La kuongezea ni matangazo. Kuyapiga marufuku kabisa hakufanyi kazi, wauzaji watahamia kwa wanachama faraghani na hapo huna macho. Wape mada ya Soko na masharti: tangazo moja kwa wiki kwa muuzaji, bei iandikwe, mahali pa duka paandikwe, na picha ya lebo ya nyuma ya paneli iwepo. Sharti la lebo linachuja mengi lenyewe. Paneli "ya 600 W" yenye lebo ya Vmp (volti ya kazi) 18 V na Imp (mkondo wa kazi) 8 A ni ya 144 W, hesabu ya kuzidisha tu. Na muuzaji akijibu swali la kiufundi kwenye Hitilafu kwa kutaja bidhaa yake, lazima aseme kwamba anaiuza.

Pia wekeni njia ya akiba. Kwetu Telegram ilifungwa wakati wa mitihani ya KCSE (ya kumaliza sekondari), Novemba 2023 na tena 2024. Lile kundi la WhatsApp msilivunje. Liacheni maadmini pekee ndio waandike.

---

Nguzo_DC amejibu:

Asanteni sana, nimeshapunguza hadi 7. Swali la nyongeza: tuna fundi mkongwe, anaheshimika, nusu ya vijana ni wanafunzi wake. Anashauri hadharani kuunganisha betri mpya na za zamani kwa sambamba "ili zisaidiane". Hakuna kijana atakayemwambia mzee amekosea. Kanuni inasaidiaje hapo?

---

BintiVolti amejibu:

Kanuni peke yake haisaidii, utaratibu unasaidia. Admini amwandikie faraghani kwanza, kwa adabu yake: "Shikamoo mzee, ule ushauri wa betri tunaomba uuongezee masharti." Mpe nafasi aurekebishe mwenyewe, Telegram inaruhusu kuhariri ujumbe. Wengi hurekebisha wasipoaibishwa mbele ya wanafunzi wao.

Asiporekebisha ndani ya saa chache, jibu linawekwa hadharani na linajadili betri, halimjadili yeye: betri ya zamani ina ukinzani wa ndani mkubwa na ujazo uliopungua, kwa hiyo mpya ndiyo itabeba sehemu kubwa ya mzigo na ya chaji. Zikilala, ya zamani inayovuja chaji huinyonya mpya. Mwisho zote zinafanana, kwa ubovu. Tia na kipimo: chaji kila betri peke yake hadi ijae, iache saa 12 bila mzigo, pima volti, kisha zipe mzigo ule ule moja moja na uone ipi inashuka haraka. Mkongwe akija na vipimo vyake tofauti, ni sawa, sasa tunajadili namba.

Na andikeni kwamba kanuni ya usalama haina msamaha wa cheo, maadmini wakiwemo.

Na mkitaka kuwatambulisha wenye leseni za EWURA (mdhibiti wa nishati Tanzania) au za EPRA (wa Kenya) kama T1 hadi T3 (madaraja ya mafundi sola), njia mojawapo ni kumfanya mtu admini mwenye haki moja isiyo na madhara, mfano kusimamia maongezi ya sauti, kisha kumwandikia cheo. Ubaya wake ndio ule aliosema Waya6mm, mwendo wa polepole haumgusi. Na leseni ithibitishwe kwanza, mtu asijipachike.

---

MitaNaBisibisi amejibu:

Hamjagusa picha za kazi. Fundi anapiga picha ya ubao wa umeme wa mteja; ndani yake kuna namba ya mita ya LUKU, jina kwenye risiti iliyobandikwa ukutani, wakati mwingine na mahali ilipo nyumba. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023; Kenya wana ya kwao ya 2019. Kanuni iwe fupi: ficha namba ya mita, jina na uso kabla ya kutuma. Admini akiona havijafichwa anafuta mara moja na kumwomba atume upya, bila onyo la kuhesabiwa.

Hilo la kuhesabu maonyo pia liandikwe. Ngazi nayoipendekeza: kufutiwa ujumbe na kuambiwa sababu, kunyamazishwa saa 24, siku 7, kuondolewa. Onyo lifutike baada ya siku 90, la sivyo mwanachama wa miaka miwili anayeandika kila siku atafika ngazi ya nne kwa makosa madogo tu. Matangazo ya utapeli yaruke ngazi zote.

Rufaa ipelekwe kwa admini ambaye siye aliyeadhibu, ijibiwe ndani ya siku 3. Kugombania adhabu ndani ya kundi ni kosa jipya.

---

Waya6mm amejibu:

Nguzo_DC, kwenye hizo 7 angalia ile ya "usirudie swali lililokwishaulizwa". Itoe. Mgeni hajui lipi limeulizwa, na swali la friji la mwenye betri ya jeli Tanga silo la mwenye lithiamu Bukoba. Badala yake bandika ujumbe mmoja wenye maswali 5 yanayorudi sana na viungo vya majibu yenye #imetatuliwa, na uupitie kila mwezi maana bei na modeli zinabadilika. PDF za wageni nimekubaliana na PV_Nakuru, ziruhusiwe. Ila faili la APK (la kusakinisha programu kwenye Android) lifutwe bila mjadala, hata likiitwa "programu ya kusoma inverta".