Tupeane uzoefu: "Furahini, ombeni, shukuruni" inafanyikaje siku ya Jumanne?

Mama Uyole: Bwana asifiwe wapendwa. 1 Wathesalonike 5:16–18 tunaikariri tangu shule ya Jumapili. Sasa ni Jumanne, baridi ya Juni imebana, mkaa mbichi, watoto wanadai uji. Hapo furaha inashikwa wapi? Mahubiri nimeshasikia, nipeni namna.

Mzee wa Tukuyu: Anza na Zaburi. Zipo 150, kwa siku 30 ni 5 kila siku. Chukua tarehe, uwe unaongeza 30: tarehe 7 unasoma ya 7, 37, 67, 97 na 127. Wengi hukwama tarehe 29, wanakutana na ya 119 yenye aya 176, chai inapoa, kesho yake wameacha. Hiyo iweke pembeni. Ina vipande 22 vya aya 8, soma kimoja kimoja. Na usisali ndani ya blanketi. Kwa baridi yetu hiyo ni usingizi wenye utangulizi.

Boda Mafinga: Kamwene! Zaburi 5 kwa mtu wa kijiweni, mzee? Nehemia 2:4 mfalme kauliza swali, jamaa kaomba palepale, aya ya 5 anajibu. Sala ya pumzi moja. Ifunge kwenye kitu ambacho lazima ukifanye: kupiga kiki, kungoja maji ya ugali yachemke. Ukisema "nitaomba nikipata nafasi", imekula kwako.

Binti Tosamaganga: Sisi Wakatoliki tuna Malaika wa Bwana, saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni. Dakika chache tu.

Mzee wa Tukuyu: Na Danieli mara 3, Dan. 6:10. Akasali *akashukuru*.

Mwinjilisti Makambako: Mnaongelea siku njema. Saa mbaya kuliko zote ni ile mwili haujatoka ndani, mtu anaingia na kumwambia mfiwa "shukuru kwa kila jambo". Msifanye hivyo. Mfiwa atanyamaza kwa adabu, na mwaka mzima hataomba. Fungua Zaburi ya 13, ina aya 6 tu. Aya 1–2 ni malalamiko, "hata lini?" imerudiwa mara 4. Aya 3–4 ni ombi. Aya 5–6 ni tumaini. Siku ya kwanza ishia aya ya 2, mwache alie. Ombi mpeleke siku nyingine, akiwa ameanza kula. Aya ya 5 asiisome mtu kwa niaba yake, ataifikia mwenyewe. Asipoifikia, ipo ya 88, inaishia gizani kabisa, na bado imo kwenye Biblia. Kosa letu ni kumrusha mtu kutoka aya ya 1 hadi ya 6 kwa sababu sisi ndio tumechoka kukaa na machozi yake.

Mama Uyole: Hii nimeinakili.

Mwalimu Njombe: Kiyunani pale 1 Wathesalonike 5:18 ni *katika* kila jambo. Hushukuru kwa ajili ya msiba, unashukuru ukiwa ndani yake.

Boda Mafinga: Waefeso 5:20 inasema "kwa mambo yote", mwalimu. Usitupunguzie.

Mwalimu Njombe: Kamwambie hivyo mfiwa, uone.

Kijana Mwanjelwa: Mmesahau Matendo 16!! Paulo na Sila wamechapwa bakora, miguu kwenye mkatale, usiku wa manane wanaimba, TETEMEKO, milango yote wazi, vifungo vimelegea! Ijumaa mkesha, tuimbe mpaka vifungo vikatike!

Binti Tosamaganga: Mkesha wapi?

Boda Mafinga: Spika ngapi?

Mwalimu Njombe: Aya ya 25, waliosikiliza ni wafungwa wenzao, si mtaa wa pili. Na aya ya 28: "sisi sote tupo hapa". Mlango wazi, hawakutoka. Waliimba kabla ya tetemeko, wala hawakujua kama litakuja.

Mmoravian Rungwe: Kijana, jaribu zamu za maombi. Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1727, wanaume 24 na wanawake 24 waligawana saa za siku, kila mtu saa yake. Ikaendelea zaidi ya miaka 100. Mkiwa 8 tu, anzeni na usiku peke yake, kila mtu saa moja. Hakuna spika. Kinachoua zamu ni mmoja kulala na wa pili kutoamshwa, kwa hiyo mwenye zamu humpigia simu anayempokea.

Mkulima Ismani: Kwenye shukrani, acheni "asante kwa uhai, afya na familia". Siku ya nne hiyo ni kuita mahudhurio. Andika vitu 3: nini, nani alikileta, saa ngapi. Usirudie kitu ndani ya siku 7. Kisha huyo mtu mwambie. Mnyakyusa mwambie *ndaga fijo*, asante sana. Na sadaka ya mavuno ikauke! Punje ng'ata: ikivunjika kwa mlio, peleka, ikibonyea, rudisha juani. Debe moja bichi linaotesha ukungu ghala zima la kanisa, mnadani mnauziana sumukuvu.

Kijana Mwanjelwa: Hilo debe linahesabiwa fungu la kumi?

Mkulima Ismani: Usianze.

Mama Uyole: Asanteni. Kesho tarehe 14, basi ni 14, 44, 74, 104, 134. Ila mkaa mbichi hamkunijibu.

Mzee wa Tukuyu: Huo hauombewi, mama. Anika.