Likizo Dar mwezi wa saba: naweza kupata nafasi ya ubaharia kwenye mashindano ya boti za tanga?

BintiKibirizi

Habari za jioni wakuu. Niko Kigoma mjini, ni nesi, mwezi wa saba napata likizo yangu nashuka Dar kwa mama mdogo anakaa Msasani. Mwaka jana nilipoenda kila Jumamosi nilikuwa nakaa ufukweni naangalia zile boti ndogo za tanga jeupe zinavyoshindana kuzunguka maboya, roho inaniuma kuangalia kwa mbali, maana mimi nimekulia Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, baba alikuwa na mtumbwi wa tanga kabla hajanunua injini na mimi ndo nilikuwa nashika kamba yeye yuko kwenye usukani, toka darasa la nne mpaka nafika form two. Sasa swali langu, mtu ambaye sio mwanachama, hana boti na hamjui mtu yeyote pale, anaweza kuchukuliwa kama baharia hata siku moja tu? Na haya mambo ya ziwani yanahesabika au wataniona sijui kitu? Kuogelea naogelea vizuri. Sitafuti kubebwa kama abiria, nataka nifanye kazi.

Mwanga_Juu

Dada karibu sana, mi mtu wa Mwanga huko huko kwenu ila niko Dar miaka tisa sasa. Jibu ni ndiyo, inawezekana. Boti nyingi za mashindano zinaendeshwa na watu wawili, mmoja usukani na tanga kubwa, mwingine anashika lile tanga dogo la mbele na kutoka nje ya ubavu boti ikilala. Mwenye boti akiamka asubuhi mwenzake anaumwa au amesafiri, basi siku hiyo haingii majini. Kwa hiyo wanaotafuta mikono wapo kuliko unavyofikiri.

Kosa ni kutokea siku ya mashindano saa ileile ya kuanza. Klabu ya pale Msasani, Dar es Salaam Yacht Club, ni ya wanachama, na klabu za namna hii mgeni kawaida anaingia kwa jina la mwanachama, sasa ukifika getini bila mtu anayekujua unamtesa mlinzi bure na wewe unarudi umeumia. Waandikie wiki mbili kabla, omba kuongea na anayeshughulikia mashindano, mwambie tarehe utakazokuwepo, umeendesha chombo gani, unaogelea, na kilo zako. Usione vibaya kuulizwa kilo, uzito wa baharia ndo unaozuia boti isilale, upepo mkali anatakiwa mzito, upepo mdogo anatakiwa mwepesi. Ya baba yako na mtumbwi andika hivyo hivyo ulivyotuandikia hapa.

Ruchugi

Mi sikubaliani. Nilienda klabu moja ya pwani nikakaa kwenye benchi toka saa sita mpaka jua linazama, hakuna aliyeniita. Nenda zako Unguja au Tanga tafuta watu wa ngalawa, wale ukijua kushika demani, yaani kamba ya tanga, wanakupandisha.

Mwanga_Juu

Pole kaka, hiyo inauma kweli. Ila saa sita ulikuwa umeshachelewa, timu zinapangwa kabla. Ngalawa naunga mkono, ni chombo kizuri mno, ila dada kasema atakuwa Msasani na ameuliza la Msasani.

MzeeUsukani

Mwanangu BintiKibirizi, nimefanya kazi za meli ziwani na baharini pia, nikueleze tofauti maana hapo ndipo watu wa kwetu wanapojikwaa. Ziwa letu halina maji kupwa na maji kujaa. Ukitoka Kibirizi kidogo tu chini ni shimo, ziwa lenyewe mahali pa kina kirefu linafika mita 1,470. Msasani maji yakitoka unaona mchanga na miamba pale palipokuwa na maji asubuhi, kwa hiyo ule ubao unaoshuka chini ya boti inabidi uinuliwe kwa wakati na mara nyingi anayeambiwa auinue ni baharia. Mwezi wa saba ni kusi, unavuma haswa.

Sheria za njia zisome kabla. Chombo kinachopigwa upepo ubavu wa kulia ndicho chenye haki, kinachopigwa kushoto kinampisha. Mkiwa mnapigwa ubavu mmoja, aliye joshini (upande upepo unakotoka) anampisha aliye demanini (upande upepo unakoelekea). Kuanza kuna bendera na honi: zikibaki dakika 5 inapanda ya kwanza, dakika 4 inapanda ya pili, dakika 1 ya pili inashuka, halafu ya kwanza inashuka ndo mnaondoka. Ukivuka mstari kabla unarudi kuanza upya. Nahodha wako anaangalia vyombo vingine, kwa hiyo wewe mhesabie sekunde kwa sauti, utaona atakavyokupenda.

Na wakati tanga linahamia upande wa pili, hasa upepo ukiwa nyuma yenu, inamisha kichwa, lile gogo la chini ya tanga linapita kwa nguvu. Boti ikipinduka usiogelee kwenda nchi kavu hata kama unaona ni karibu, shika boti. Laifu jaketi unaivaa toka ufukweni.

BintiKibirizi

Mzee shikamoo, asante sana, yaani nimesoma mara tatu. Baba naye alikuwa anasema hivyo hivyo, ukianguka shika mtumbwi. Kaka Mwanga_Juu nimeshaandika barua pepe jioni hii nimeweka mpaka kilo (58). Ruchugi nikipata nafasi ya kwenda Tanga ntakutafuta unielekeze hao wa ngalawa. Swali la mwisho, mikono yangu imekuwa laini toka nianze kazi ya wodini, nivae glovu?

MzeeUsukani

Marahaba mwanangu. Vaa, zile zilizokatwa vidole ili uweze kufungua fundo. Na raba ambazo hujali zikilowa, chini kuna miamba na kome wenye makali. Kilo 58 kwa kusi itabidi utoke nje ya ubavu mapema, usisubiri boti ianze kulala ndo utoke, anza kufanya mazoezi ya tumbo sasa hivi.