Naombeni ushauri: nimemaliza fildi kitengo cha uhusiano, ripoti imenigomea

BintiNyakato
Wakuu, heshima kwenu. Nasoma shahada ya uhusiano wa umma, mwaka wa pili. Fildi nimefanya mamlaka moja ya maji (naomba nisiitaje). Ripoti inatakiwa chuo wiki ijayo na kuna sehemu ya "mambo niliyojifunza". Hapo ndipo nimekwama.

Kazi zangu zilikuwa kukata habari zinazotuhusu magazetini na kuzibandika kwenye faili, kupiga picha za ziara, na kujibu wateja Facebook. Nikiziorodhesha hivyo, msimamizi wa chuo atasema nimenakili logibuku (daftari la kazi za kila siku).

Kilichonikaa kichwani ni kingine. Kuna siku bomba kubwa lilipasuka alfajiri. Saa mbili asubuhi afisa uhusiano na mimi tulishaandaa taarifa kwa umma. Ikaenda kwa mkuu wa kitengo, ikaenda ufundi wakabadili maneno, ikaenda sheria, ikasubiri sahihi ya mkurugenzi aliyekuwa kikaoni. Imetoka jioni, maji yamesharudi. Mchana kutwa watu wanatutukana, na mimi nimekatazwa kujibu chochote mpaka taarifa itoke.

Hili linaandikika? Na bahasha za pesa za waandishi baada ya mkutano, ambazo mimi ndiye niliyekuwa nawasainisha, niziweke?

Ngosha wa Mjini
Kaa kimya upate A yako mdogo wangu. Fildi tu unataka watu wafukuzwe kazi?

MamaAfisa
Mimi ni afisa habari halmashauri, hilo bomba nalijua hata kama silo letu. Liandike, ila lisisomeke kama malalamiko. Eleza taarifa ilivyopita meza kwa meza, na saa zake. Halafu jiulize kila meza ilikuwa inaogopa nini. Ufundi wanaogopa kutaja saa ya maji kurudi halafu yasirudi. Sheria wanaogopa madai. Mkurugenzi anaogopa kupigiwa simu na mkoa wakati yeye mwenyewe hajui kilichosemwa.

Ukishazielewa hofu hizo ndipo unaweza kupendekeza kitu: taarifa fupi iliyopitishwa na wote mapema, yenye nafasi wazi za eneo na chanzo. Sisi tunayo ya kipindupindu na ya barabara kukatika, tunajaza na kurusha. Na usiahidi saa ya maji kurudi. Ahidi saa ya kuwapa wananchi taarifa nyingine.

Kapuku Msomi
Mama kamaliza, naongezea nadharia maana walimu wanaipenda. Oktoba 1906 treni ya Pennsylvania Railroad ilitumbukia majini Atlantic City, Marekani, wakafa watu zaidi ya 50. Enzi hizo kampuni za reli zilikuwa zinaficha ajali. Ivy Lee, mshauri wao, akawashawishi watoe taarifa ya maandishi na kuwapeleka waandishi eneo la tukio. Weka hiyo pembeni ya bomba lako uone. (Lee huyo huyo baadaye alikuja kuishauri kampuni ya Kijerumani ya IG Farben wakati wa Hitler, kwa hiyo usimfanye mtume.)

Kukatazwa kujibu Facebook nako kuna pa kukuweka: Grunig na Hunt, 1984, mifano minne ya uhusiano wa umma, kuanzia taasisi kusema peke yake hadi kusikilizana na umma pande zote mbili. Ukurasa wenu ulikuwa na mlango wa kuingilia, lakini ndani hapakuwa na mtu.

Mzee wa Dawati
Nimeandikia gazeti mkoani miaka mingi. Mwandishi wa kujitegemea hulipwa kwa habari iliyotoka, nauli ya bodaboda anaitoa mfukoni mwake. Ndiyo maana bahasha haifi, ingawa maadili ya Baraza la Habari yanakataza hongo. Iandike kama swali: kurudisha nauli kunaishia wapi na kununua habari kunaanzia wapi? Bahasha ya kusaini si sawa na ya kupenyezewa mlangoni. Majina na kiasi usitaje.

MamaAfisa
Hapo sikubaliani nawe, mzee wangu. Ripoti ina jina la taasisi jaladani, usipotaja majina bado inajulikana ni akina nani. Amuulize kwanza msimamizi wake wa fildi. Akikataa, aiache, akaijadili darasani.

BintiNyakato
Asanteni sana, bomba nimeshaanza kuliandika. La bahasha nitampigia msimamizi wangu wa fildi kesho. Je, zile picha za skrini za watu waliotutukana naweza kuziambatanisha?

MamaAfisa
Unaweza, ila futa majina na picha zao. Angalia na maoni yenyewe, wateja wengi huandika namba ya mita na ya simu hapo hapo hadharani. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, nayo uitaje kwenye ripoti.

Ngosha wa Mjini
Na matusi je?

MamaAfisa
Matusi yaache. Hayo ndiyo ushahidi wenyewe.